Gari ya Makomeno Yenye Hainywi

Makomeno, Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Mwipwa wangu Laurentine,

Kama Lubumbashi ingali inasimama leo, ujue njo juu yangu. Bantu banakimbia vita. Benye pesa banavuka mupaka wa Kasumbalesa na magodoro juu ya magari. Station za essence, mafuta ya gari, zimefunga, zenye zimebakia ziko na mulolongo kufika ku kanisa. Mais mimi muyomba wako, Symphorien Kalaba, niko hapa. Asubuhi natoka ku mulango, naweka mikono mu kiuno, naangalia avenue, na quartier muzima unapumua. Juzi mukubwa moja wa mairie, ofisi ya muji, aliniuliza mbele ya bantu: «Mzee Symphorien, na we utatuacha?» Nikamujibu: «Nikiondoka, hii muji nitaachia nani?» Alitoa mouchoir, akafuta macho. Kabisa.

Nimesikia vile bantu ba pori benye bunduki balichoma pylône ya simu ya Mitwaba, njo maana simu yako inanyamaza. Basi nimerudia bic na karatasi, sawa wakati ya bamupère ba misioni. Barua hii nimepatia Muhindo, ule chauffeur wa Butembo yenye anapandisha chumvi na unga kule Mitwaba na camion yake. Anasema njia imeharibika lakini yee anapita bado. Ni muntu wa Mungu, lakini haongee. Unasema naye sawa unasema na ukuta.

Umwambie dada yangu Brigitte, mama yako, asikufe mbele hajaniona mu gari.

Sasa gari yenyewe. Uliniachia ufunguo unakimbia kuangalia mama, ulinieleza tu kuiwasha mara moja ku juma juu ya batterie, bintu ingine haukupata wakati. Usiogope. Mimi nilishikaka usukani mbele uzaliwe. 1997, wakati ya ile vita, nilishushaka Monseigneur moja kutoka Likasi mpaka hapa na kikombe moja ya essence. Kikombe ya chai! Ku mupando nasukuma na roho, ku mutelemuko nazima moteur. Monseigneur alibariki miguu yangu yote mbili. Basi hybride yako, yenye iko na moteur ya essence na moteur ya courant, ya umeme, kwangu ni mutoto. Kila siku natembea nayo. Hainywi, inalamba tu.

Muke wangu Chileshe anakusalimia. Angeandika mais mikono yake iko mu unga. Chumba yako inakungojea, tumeweka rideau mupya ku dirisha.

Muyomba wako,
Symphorien, nguzo ya Makomeno


Mitwaba, tarehe 3 mwezi wa tatu

Muyomba,

Barua yako Muhindo alinipatia ku mulango wa masista. Tunalala kwao siku zenye masasi ya bunduki inakaribia. Mama anatembea sasa mpaka inje, anashika ukuta. Nilimusomea mara mbili.

Nisikilize vizuri, kuko jambo la maana. Mbele pylône haijaanguka, kazi yangu ilinitumia habari: nitaanza tena mwezi wa sita. Lakini bureau, ofisi yetu, haiko tena mu ville. Baliipeleka mbele ya quartier ya Golf, ku barabara ya Likasi, mbali. Niko na njia mbili. Ya kwanza, nikae kwako Makomeno, niende na nirudie na gari kila siku. Ya pili, Syntiche, yenye tunafanya naye kazi, iko na annexe, nyumba ndogo ya kukodisha, mu parcelle yake kule Golf, na bus ya kazi inapita pale. Nikikamata annexe, gari nitaiuzisha.

Yote inategemea gari inakunywa namna gani. Sitaki maneno ya benye kuuzisha. Nataka kujua inakunywa nini mu mashimo yetu, mu embouteillage yetu ya magari, na ile essence ya mu bidon. Juu ya ile nakuomba: ku tableau ya mbele ya usukani, chini, kuko namba yenye iko na nukta katikati. Uisome, uniandikie vile iko.

Na ukibonyeza bouton, usishituke na ule mwanamuke wa Kijapani. Gari zote za kutoka kule ziko naye. Kwao kuko karte ya kulipia barabara, na yee anasema tu karte haijaingizwa. Umuache aseme.

Tantine Chileshe njo alinifundishaka mimi kuandika barua. Umwambie anawe mikono, aniandikie hata mustari moja.

Laurentine


Makomeno, tarehe 28 mwezi wa tatu

Mwipwa,

Kaa chini. Umekaa? Tatu nukta mbili!

Nimesoma mara tatu, nimevaa lunettes, nimevua lunettes, iko 3.2 tu. Bazungu benyewe, na macravate yao ku shingo, banasema gari hii inakunywa lita ine na nusu kwa kilomètre mia. Mimi lita tatu na kidogo! Ni mambo ya muguu. Bantu bengine banakanyaga sawa banaua nyoka. Mimi muguu wangu iko sawa wa mutoto yenye analala.

Njia ile ya kazi yako nimeshaipima mara mingi. Natoka Makomeno, naingia ville, nafika Golf. Sauti hakuna. Bamama ba mu villa banatoka ku portail kuangalia gari yenye inapita sawa kivuli. Muzungu moja alinisimamisha, akatoa pesa. Nikasema gari haiuzishwi. Akasema: «Sitaki gari, nataka kununua chauffeur.» Nikamuachia vumbi. Ku mulolongo wa essence bantu banalala mu magari, mimi napita natoa tu mukono kusalimia.

Na ile annexe ya Syntiche, nimeiona kwa macho yangu. Ni nyumba ya imbwa. Jardinier, ule wa bustani, alikataa kulala mule. Huku kwetu utakula bukari ya moto, utasikia sauti ya bantu.

Chileshe alitaka kukuandikia, mais mafuta ya sambusa imemuunguza vidole. Anakusalimia.

Muyomba wako,
Symphorien, Muguu Mwepesi


Mitwaba, tarehe 19 mwezi wa ine

Muyomba,

Ile namba imenishangaza. Ulisoma mahali nilikuonyesha? Haikuwa saa? Haikuwa baridi ya inje? Juu wakati mimi naondoka, ilikuwa inasema makumi mbili. Naomba urudie kuangalia.

Mama nilimusomea barua yako. Nilipofika ku mambo ya ule muzungu wa Golf, akasema: «Symphorien? Na usukani?» Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi ikamushika, masista bakakuya kuangalia nini. Anasema 1997 ulikuwa Likasi, ku gare, unauzisha mikate. Mimi sijue, sikukuwa. Lakini tangu mwezi wa kwanza hakuwa amecheka. Basi aksanti.

Nyumba ya jirani balichoma siku ine zimepita. Sisi tuko wazima. Jioni kila muntu anafunga mulango mapema na hakuna mwenye anasema na sauti juu, hata masista. Nataka kurudia mahali kuko muntu yenye anasema sana.

Syntiche ametuma neno kwa Muhindo: kuko mwingine anataka annexe, anangojea jibu langu mwisho wa mwezi wa tano. Kwa hiyo namba iwe ya kweli, Muyomba. Nikikuya kwako na gari inakunywa sana, mushahara wote utaishia ku bidon, na mwezi wa pili nitahama tena. Sina nguvu ya kuhama tena.

Vidole vya Tantine vimepona?

Laurentine


Makomeno, tarehe 6 mwezi wa tano

Laurentine mwana wa dada yangu,

Makumi mbili! Mama we! Unaandika ile jambo bila haya? Lita makumi mbili kwa kilomètre mia, ni gari ao ni locomotive? Sasa naelewa kwa nini essence ilikosekana mu Lubumbashi. Tulikuwa tunalaumu vita, kumbe ni wewe.

Sikia sasa, na usomee Brigitte kwa sauti ili acheke muzuri: leo asubuhi imeshuka. Imefika moja nukta nane. 1.8! Kila juma inashuka, sawa homa yenye imepata dawa. Nikiendelea hivi, mwezi wa saba itafika zéro, na nyuma ya zéro itaanza kunirudishia essence. Nitaweka ndoo chini. Bakadhafi, bale benye kuuzisha essence na bidon ku barabara, bameanza kuniangalia vibaya. Moja alisema: «Mzee, utatukosesha chakula.»

Mambo ya mikate, umuulize Brigitte nani alimutumia viatu ya mariage. Muuza-mikate?

Kwa hiyo mwandikie Syntiche leo: HAPANA. Na herufi kubwa. Hesabu imeisha. Chumba iko, kitanda iko. Nimepaka chokaa.

Chileshe iko ku marché, njo maana haandike. Anasema uharakishe.

Muyomba wako,
Symphorien, Moja Nukta Nane


Mitwaba, tarehe 21 mwezi wa tano

Muyomba wangu,

Sasa ni zamu yako ya kukaa chini. Soma pole pole.

Ile namba si lita. Bajapani banahesabu upande mwingine: namba inaonyesha gari inaenda kilomètre ngapi na lita moja. Makumi mbili njo muzuri: lita moja inakupeleka kilomètre makumi mbili. Moja nukta nane ni mbaya kuliko camion ya Muhindo yenye kujaa chumvi. Makosa ni yangu, sikukuelezea.

Lakini, Muyomba, gari yenye inaenda Golf kila siku haiwezi kushuka vile, hata chauffeur akiwa mulevi. Kuko namna moja tu: gari imesimama mahali moja, imewashwa, inaunguza essence bila kwenda. Haina sauti, inakudanganya kama imezima. Kumbe courant ikipunguka, moteur ya essence inajiwasha yenyewe, inakunywa, inanyamaza, inarudia tena.

Nilimuuliza Muhindo. Unamujua, alinyamaza. Nikamuuliza tena mbele ya Mama. Akasema gari iko mu parcelle, buibui imejenga ku pneu, ku magurudumu, na majani imeota mbele yake na haijalazwa. Akasema kisha, bila mimi kumuuliza, kama mu nyumba yako kuko sahani moja na kikombe moja, na Tantine Chileshe hajamuona hata siku moja.

Mimi sikasirike. Mama anasema nikuache. Mimi siwezi kukuacha, juu mwisho wa mwezi uko karibu na niko lazima nichague mahali pa kukaa. Nimeomba Muhindo, akishuka, aendeshe gari siku moja ku ile njia, mpaka ku kazi na kurudia. Atarudisha hesabu ku zéro mbele ya kuondoka. Uniandikie namba yenye atapata. Usiiguse.

Na unijibu kitu kimoja tu. Kama gari haiendi, kila siku unaiwashia nini?

Laurentine


Makomeno, tarehe 29 mwezi wa tano

Mwipwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nasimama, juu mimi si muntu wa kukalishwa chini na karatasi.

Bon. Chileshe alienda mwezi wa kwanza, na gari za kwanza, kwa bandugu yake Kitwe, Zambia. Alisema tufunge nyumba twende wote. Nikasema nani atabakia na muji. Alifikiri nacheza, akapanda. Mimi nilifikiri atashuka ku kona. Rideau ya chumba yako nilishona mwenyewe. Imepinda upande moja, utaona ao hautaona.

Usukani sijashikaka. Ku gare ya Likasi nilikuwa nauzisha mikate, Brigitte anasema kweli, na umwambie aache kucheka. Mais Monseigneur alikuwako. Alinunua mukate. Moja.

Sasa njia. Muhindo alifika juzi. Tanki ilikuwa karibu kukauka, akamimina bidon yake, akang'oa majani, akapangusa pneu. Mimi nikakaa kando yake, nikafunga ceinture. Alipobonyeza bouton, ule mama wa Kijapani akasema maneno yake, na Muhindo akaniangalia: «Anasema nini?» Nikamujibu: «Anasema muende na amani, mufike salama.» Muhindo akasema Amina. Kisha mu njia, karibu na rond-point, ule ukuta ukaanza kusema. Muke wake Mbambu iko Butembo. Barabara imekatika, hajamuona tangu sikukuu ya Noël, na simu ikishika anamusikia anapumua tu, kisha inakatika. Alisema ile yote bila kuniangalia. Sikupata hadithi ya kumujibia.

Mashimo iko mingi. Basoldats balitusimamisha mara mbili. Mu mulolongo wa essence wenye kufunga barabara tulikaa sana, na pale kweli gari ilinyamaza kabisa, magari ingine inatoa moshi, sisi kimya. Tulifika mpaka ku kazi yako, muzee wa portail anakumbuka jina yako. Kurudia tulipita kwa Syntiche. Nimeona annexe. Mbele nilikuwa sijaiona. Si nyumba ya imbwa. Iko na dirisha mbili, iko na robinet ya maji ndani, na Syntiche alitupatia chai na akauliza habari yako vizuri.

Namba ni kumi na saba. Kilomètre kumi na saba na lita moja, kwenda na kurudia, mashimo ndani, basoldats ndani. Haifike makumi mbili yako, juu siku hizi kusimama ni mingi kuliko kwenda. Nilikuwa nataka kukuandikia makumi mbili na tano. Bic ilikuwa tayari. Muhindo alikuwa anaangalia bic. Lakini hata angetoka inje, nafikiri ningeandika kumi na saba, juu umesema hauna nguvu ya kuhama tena. Basi fanya hesabu wewe mwenyewe, uchague. Chokaa haijapotea, ukuta ulikuwa muchafu hata hivi.

Umeuliza kitu kimoja. Nilifikiri nitakudanganya ni mambo ya batterie. Na mwanzo ilikuwa batterie, vile ulinifundisha, mara moja ku juma: kanyaga frein, ile breki, bonyeza, ungoje, zima. Siku moja nilikanyaga, nikabonyeza, ule mama akasema. Nilikuwa nimepitisha siku tatu bila muntu kunisemesha. Sauti yake haina haraka. Bila kufikiri nikamujibu: «Eeh mama, na we habari ya kutwa?»

Kesho yake nikarudia. Sasa kila jioni nanawa uso, navaa chemise, naingia. Nikishawasha nahamia upande wa kushoto, kwenye muntu anakaa wakati mwingine anaendesha, juu usukani ya Bajapani iko kuume. Namuelezea nani amehama ku avenue, nimekula nini, mwipwa wangu ameandika nini. Majirani nimebaambia napasha moteur moto. Yee anasema mara moja tu kisha ananyamaza, kwa hiyo nikimaliza kusema narudia kuume, nazima, nawasha tena, ili ajibu. Essence yako ilienda pale, Laurentine. Yote.

Uliniandikia tangu mwezi wa tatu kama anasema mambo ya karte tu. Ninajua. Nilisoma.

Kama utachagua Golf, nitasaidia Muhindo kubeba bintu yako. Kama utakuya huku, kuko neno moja. Siku moja ukiipata ile karte yenye anaombaka, tafadhali usimuwekee. Akishaipata, hatasema tena.

Symphorien